Goti Bandia na Choo cha Shimo

Lubao, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, goti la mtu hupimwa kwa mambo matatu: kupanda bodaboda, kupiga magoti kanisani na kuchuchumaa chooni. Kwa hiyo mama akirudi na goti bandia, jamaa humuuliza kwanza: "Mama, linakunja?"

Kutembea tambarare kunataka goti likunje nyuzi 65 hadi 70. Kushuka ngazi ni takriban 90. Kuchuchumaa hupita 130, na wengi waliobadilishiwa goti huishia kati ya 110 na 120. Yaani bodaboda atapanda, lakini choo cha shimo kitamshinda. Aambiwe hivyo kabla ya upasuaji.

Kinachoamua zaidi ni jinsi goti lilivyokunja kabla ya kisu. Goti likikaa miaka na miaka bila kuvuka nyuzi 80, misuli ya mbele ya paja na nyama zinazolizunguka hufupika, na chuma kipya hakirefushi nyama iliyokakamaa. Wazee wetu huvumilia kwa vidonge vya dukani hadi mguu upinde, ndipo waende hospitali. Uvumilivu huo huwagharimu sana.

Halafu kuna mkono wa daktari. Akishakata ncha za mfupa wa paja na muundi, nafasi inayobaki goti likiwa limenyooka sharti ilingane na ile ya goti likiwa limekunjwa. Nafasi ya kukunja ikiwa finyu, goti hugoma. Kipande bandia kikiwa kinene mno chini ya pia ya goti, kano ya mbele hukazwa kama kamba ya ng'ombe. Usawa huo ndio aliousisitiza daktari mpasuaji John Insall wa New York, ambaye goti lake bandia la mwaka 1974 ni mzazi wa mengi yanayowekwa leo.

Baada ya hapo kazi inahamia nyumbani, na hapa ndipo wengi huteleza. Kovu halingoji. Mgonjwa akiacha dawa za maumivu mapema, anaogopa kukunja. Asipokunja, kovu linagandisha kiungo. Zoezi lenyewe halina gharama: anakaa kwenye kiti, anakanyaga mfuko wa plastiki juu ya sakafu ya saruji, anauvuta mguu nyuma polepole mpaka nyama ya mbele ikaze, anahesabu hadi kumi, anarudisha. Kisha anaunyoosha kabisa. Ule mto ambao watoto humwekea chini ya goti kwa huruma uondolewe, maana hulifundisha goti kupona likiwa limepinda.

Wiki sita zikipita na goti halijafika nyuzi 90, arudi kwa daktari bila kungoja. Kabla ya miezi mitatu kutimia, bado linaweza kukunjwa chini ya nusu kaputi. Kovu likikomaa, kazi inakuwa ngumu zaidi.

Nanyi mlio nyumbani, mwiteni fundi seremala atengeneze kiti cha mbao cha kuweka juu ya shimo la choo, kiwe tayari kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodini.