Pongezi kwa Wabandika Stika za Matatu

Anayebandika stika za matatu mtaani Laini Saba hupambana kwanza na vumbi. Huosha bodi, huipangusa kwa spiriti, kisha kwa ncha ya wembe hung'oa mabaki yote ya stika iliyokatwa, hata kitundu cha herufi "a". Hunyunyiza maji ya sabuni ili stika isogezeke kabla haijashika, halafu huyasukuma nje kwa kipande cha plastiki, kuanzia katikati. Penye mkunjo hupasha moto kidogo; ukizidi, stika huvutika na jina hupinda. Kwangu, hapo ndipo ufundi ulipo. Na alfajiri gari linatakiwa barabarani! Abiria wa Kawangware anayeiona namba ya njia yake, 46, kwa mbali ana deni kwa mbandikaji huyu. Wenye magari, mlipeni siku ileile.