Nishani za Sajini Mkongo

Kasongo ilitekwa mwaka 1893 na Dhanis, afisa Mbelgiji. Kabambare ikatekwa mwaka 1898 na askari wenyewe wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, walipowaasi mabwana zao. Ndiyo maana kusini mwa Maniema kofia nyekundu ya askari hao ilizua hofu: kikosi hicho kilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja, kikipigana vita na kusimamia kodi.

Pongezi zangu ni za sajini Mkongo, si za serikali iliyomtuma. Mkataba wake wa uaskari ulikuwa wa miaka 7, na wengi waliongeza mingine. Vitani walifika Tabora Septemba 1916, wengine Saio huko Ethiopia mwaka 1941, wakarudi na nishani kifuani. Mabegani mambo yalikuwa yaleyale. Kwa miongo mingi cheo cha mwisho cha Mkongo kilikuwa sajini-meja, hata kama ndiye aliyemfundisha kazi luteni aliyetoka Ubelgiji juzi. Na fimbo ambayo askari huyo alimchapia mwanakijiji, mgongo wake mwenyewe pia uliijua.

Tarehe 5 Julai 1960 Jenerali Janssens, mkuu wa Force Publique, aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Wakaasi. Siku chache baadaye Victor Lundula, sajini wa zamani, akawa jenerali.