Dunia ni Punje ya Uwele: Kwa Miguu Kutoka Jua Hadi Pluto

Acha unachofanya, nenda jikoni ukachukue punje moja ya uwele. Iweke kiganjani. Hiyo ndiyo Dunia! Bahari zote, Kilimanjaro na theluji yake, Unguja na Pemba, watu zaidi ya bilioni 8, vyote vimo humo. Sasa tafuta mpira wa miguu wa kawaida, namba 5, uweke chini, halafu hesabu hatua 26 ndefu za mtu mzima. Hapo ndipo punje yako inapokaa. Mpira ule ndio Jua. Na kama bado hujashtuka, subiri, maana hata Mshtarii hujafika.

Nimeujaribu mfano huu juzi kwa mara ya kwanza, ufukweni Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, maji yakiwa yametoka na mchanga umekazana vizuri, na mpaka sasa sijatulia. Nimesoma vitabu vya falaki tangu utotoni. Nilidhani ukubwa wa mfumo wa jua naujua. Lakini kuujua kwa tarakimu ni jambo moja, na kuutembea kwa miguu yako ni jambo jingine kabisa!

Aliyeubuni ni Guy Ottewell, mwandishi wa falaki mzaliwa wa Uingereza, aliyeuchapisha mwaka 1989 kwa jina The Thousand-Yard Model. Hesabu yake ni nyepesi ajabu: inchi moja ni maili 100,000. Kwa sisi tunaotumia mita, kila kitu kimepunguzwa karibu mara bilioni 6.3, ukubwa wa sayari na umbali kati yao kwa kipimo kilekile. Hapo ndipo ubora wake ulipo. Mifano mingi ya madukani na michoro ya vitabuni hupunguza sayari kwa kipimo kimoja na umbali kwa kipimo kingine, basi mtoto anakua akiamini kwamba Mshtarii ni jirani wa mlango wa pili.

Ottewell anapendekeza mpira wa inchi 8 na pilipili manga kwa Dunia. Nimepima, na kwa kweli vitu vya kwetu vinakaa sawa zaidi. Jua kwa kipimo hiki linapaswa kuwa na upana wa sentimita 22, na huo ndio upana wa mpira namba 5. Dunia inatakiwa iwe milimita 2. Punje nyingi za pilipili manga zimezidi hapo, ila uwele unaingia barabara. Zuhura nayo ni punje ya uwele. Mirihi ni ulezi, Zebaki ni punje ndogo kabisa ya ulezi utakayoipata. Mshtarii ni kungumanga kubwa yenye unene wa sentimita 2 na ziada, Zohali ni kungumanga ndogo zaidi, na pete zake nilizikata kwenye karatasi ngumu, upana wa sentimita 4 na kidogo. Uranus na Neptuni ni buni mbili. Pluto? Pluto ni punje moja ya mchanga, na mchanga ulikuwa umejaa chini ya miguu yetu!

Kila kitu nilikibandika kwa gundi kwenye kadi nyeupe, kadi nikaifunga kwenye kijiti. Usiruke hatua hii. Upepo wa pwani haumwachii mtu ulezi mkononi.

Sayari nne za mwanzo zinakwenda haraka: hatua 10 mpaka Zebaki, 9 nyingine Zuhura, 7 Dunia, 14 Mirihi. Lakini tafadhali, tafadhali, simama kwenye Dunia. Kwanza weka Mwezi. Mwezi ni chembe ya mchanga ya nusu milimita, na inakaa sentimita 6 tu kutoka kwenye uwele. Vidole vinne havienei hapo katikati! Kati ya mwaka 1968 na 1972 watu 24 walisafiri kwa vyombo vya Apollo mpaka kwenye chembe ile, na safari ile iliyosimamisha ulimwengu mzima ilikuwa ya sentimita hizo 6.

Kisha geuka uutazame mpira. Hapa ndipo niliposhika kichwa. Ukiwa kwenye punje, mpira ule unaonekana kwa ukubwa uleule ambao Jua la kweli linaonekana angani, nusu ya digrii. Nyoosha mkono, kidole cha mwisho kinaufunika. Hakuna ujanja wowote: ukubwa na umbali vimepunguzwa kwa kipimo kimoja, basi jicho lako linaona kile linachokiona kila siku. Nimeona mifano mingi ya sayansi, lakini yenye uwezo wa kujithibitisha mbele ya macho yako namna hii ni michache mno.

Halafu mnaondoka Mirihi kwenda Mshtarii, na hapo mfano wenyewe ndipo unapoanza.

Hatua 95. Kwa mdomo ni neno jepesi. Mpwa wangu ndiye aliyebeba kungumanga, na tulipofika hatua ya 50 hivi akasimama. "Mjomba, hatujaipita?" "Bado, mwanangu." Akaangalia nyuma, akaangalia mbele, akaendelea kuhesabu kwa sauti ya chini. Ukanda wa asteroidi umo humo katikati, lakini kwa kipimo hiki asteroidi zote ni vumbi lisiloonekana. Unatembea, na hakuna kitu. Kutoka Mshtarii mpaka Zohali ni hatua 112, hakuna kitu. Mpaka Uranus ni 249. Bibi mmoja aliyekuwa akitoka kwenye mwani wake alituona tukihesabu, tukamwamkia, akaitikia marahaba na kuuliza kama tunapima kiwanja. Nilipomwambia tunakwenda Neptuni, akataka kujua imebaki mbali kiasi gani. Imebaki hatua 281, bibi!

Hakuna kitabu kinachoweza kukuonyesha jambo hili, na sababu yake ni hesabu tu. Chukua chati ya darasani yenye urefu wa mita moja, Jua upande huu na Neptuni upande ule. Kwa kipimo cha haki, Jua lenyewe lingekuwa na upana wa theluthi moja ya milimita, na Dunia isingeonekana kabisa. Mchoraji hana budi kudanganya. Miguu haidanganyi.

Kuna jambo lililonifanya nipige kelele peke yangu pale mchangani. Mwanga, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, katika mfano huu unatambaa chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Kutoka kwenye mpira hadi kwenye uwele unatumia dakika 8 na ziada, uleule muda wa kweli. Hadi Neptuni unatumia zaidi ya saa 4. Sisi kwa mwendo wa kawaida wa miguu tulikuwa tukiuacha nyuma kwa zaidi ya mara 20! Ukitaka mtu aelewe kwa nini mawasiliano na vyombo vya mbali angani yanachukua saa nyingi, mwambie atembee polepole hivyo, sentimita 5 kila sekunde, mpaka Neptuni.

Ukifika Neptuni, mita 709 kutoka mwanzo, mpira umekwisha kupotea, au ni nukta ambayo jicho zuri linabishana nayo. Hilo nalo ni sahihi: Jua likitazamwa kutoka Neptuni ni dogo mara 30 kwa upana, na mwanga unaofika kule ni sehemu moja tu kati ya 900 ya tunaoupata sisi. Funga bendera ndefu kwenye kijiti cha Jua ili mjue mlikotoka.

Hatua 242 nyingine, na punje ya mchanga inakaa mahali pake. Karibu kilomita nzima kutoka kwenye Jua. Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977, iko mbali zaidi, karibu kilomita 4 kutoka kwenye mpira, tungekuwa tunaikaribia Paje. Na nyota ya jirani kabisa, Proxima Centauri? Hiyo ni mpira wa sentimita 3 na nusu, na ungelazimika kuuweka zaidi ya kilomita 6,300 kutoka Jambiani. Nimepima kwenye ramani: ni karibu na Venice, Italia. Mpira mmoja Unguja, mwingine Venice, na kati yao karibu hakuna kitu!

Ipo mifano mikubwa zaidi duniani. Sweden wana wa kipimo cha moja kwa milioni 20, Jua likiwa jengo la Globe mjini Stockholm na Pluto ikiwa Delsbo, kilomita 300 kaskazini. Washington, Marekani, wana wa kipimo cha moja kwa bilioni 10 uliojengwa kando ya makumbusho. Ningependa kuiona yote miwili. Lakini ule wa Sweden huwezi kuutembea mchana mmoja, na yote miwili umejengewa na watu wengine. Huu wa Ottewell unaujenga mwenyewe.

Upungufu upo, nao si mkubwa. Sayari hazipangani mstari mmoja angani. Njia ya Neptuni ni duara la karibu kilomita 1.4 kwa upana, ambalo pale Jambiani lingefunika kijiji na kuingia baharini. Mwendo pia haumo, ingawa unaweza kuutia: isogeze punje ya uwele sentimita 40 kila siku kuuzunguka mpira, na baada ya mwaka itarudi ilikoanzia. Tena hatua ya Ottewell ni ya sentimita 91, ndefu kwa watoto, kwa hiyo kwao tumia kamba iliyopimwa: mita 9, 17, 24, 36, 123, 226, 453, 709, zote zikihesabiwa kutoka kwenye Jua.

Uamuzi wangu: hiki ndicho kifaa bora kabisa cha kufundishia falaki nilichowahi kukishika, na gharama yake ni karibu bure. Walimu wa sayansi, msisubiri darubini wala maabara. Tafuteni ufukwe, barabara ya kijijini iliyonyooka, au zungukeni uwanja mara mbili na nusu. Hatua kutoka Jua hadi Pluto, kituo kwa kituo, ni 10, 9, 7, 14, 95, 112, 249, 281 na 242. Mpira mnao, uwele upo sokoni. Watoeni watoto darasani, mkahesabu.