Rubondo Imetuvua Kofia

Jamani, Rubondo! Kama wewe ni mwalimu wa Baiolojia Shinyanga, Kahama au Geita na hujawahi kulipeleka darasa lako kwenye kisiwa hiki, weka chaki chini kidogo unisikilize. Miaka yote tunawaonea wivu watoto wa Unguja, ambao tangu miaka ya 1990 wanapelekwa Chumbe kuyaona matumbawe kwa macho yao. Sisi wa pamba, ng'ombe na dhahabu tukajiambia hayo ni mambo ya watu wa pwani. Kumbe tumelikalia Ziwa Victoria, la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa 1977, iko Mkoa wa Geita!

Nimeambatana na kundi la sekondari kutoka Shinyanga, na hadi sasa sijatulia. Tulizungukia Mwanza kwa makusudi ili tupite Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Pale ambapo zamani ulikuwa unasota foleni ya kivuko, basi zima lilipiga vigelegele, dereva naye hakubaki nyuma. Halafu Sengerema, Geita, Chato, mpaka Muganza kwenye boti.

Somo lilianzia mwaloni, kabla hata hatujapanda boti. Tulinunua sangara wa ukubwa mbalimbali, wanafunzi wakavaa glovu, wakapasua matumbo. Nakwambia, hakuna kitabu kitakachokupa kitu hiki! Tumboni mwa sangara wadogo kulikuwa na uduvi. Wa kati walikuwa na dagaa na furu. Alipopasuliwa mkubwa, binti mmoja akaruka nyuma: "Mwalimu, huyu kamla mwenzake!" Ndiyo, sangara anakula sangara. Mlolongo wa chakula, ule wa mishale ubaoni unaosinziza darasa zima, ulikuwa umelala mezani ukinuka.

Hapo hapo mwalimu akaingiza historia. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950, akapandikizwa upande wa Uganda, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshatawala. Furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi waliokuwa na spishi zaidi ya 500, walipukutika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, na wakajikuta wanaandika kumbukumbu za samaki wanaotoweka mbele ya macho yao. Kutoweka kwenyewe kumetokea hapa kwetu, na wazee wavuvi wanaokumbuka furu wa zamani bado unaweza kuwauliza maswali.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni zebaki. Mwalimu alipoitaja, kijana mmoja, mtoto wa mchimbaji mdogo, aliuliza kwa sauti ya chini: "Ni hii hii baba anayochomea dhahabu?" Ni hii hii. Mchimbaji anaichanganya na udongo uliosagwa, zebaki inaishika dhahabu, kisha inachomwa. Moshi unaenda hewani, mabaki yanasombwa na mvua kwenda kwenye vijito. Kwenye tope la chini ya maji, bakteria huigeuza kuwa sumu inayoingia mwilini kirahisi. Inaanzia kwa vijidudu, inakwenda kwa uduvi, kwa dagaa, na kadiri mlaji anavyokuwa juu ndivyo inavyolundikana. Darasa likageuka kumtazama yule sangara mkubwa aliyemla mwenzake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Minamata, mji wa Japani ambao jina lake limepewa mkataba wa zebaki ulioridhiwa na Tanzania, ghafla ukawa jirani. Niambieni, ni wapi pengine Tanzania mtoto ataziona dhahabu na samaki ndani ya somo moja namna hii?

Kisiwani kwenyewe uvuvi wa biashara ni marufuku, kwa hiyo ghuba na mafunjo ya Rubondo ni mazalia ya samaki. Tulishusha sahani ya Secchi, ile nyeusi na nyeupe inayofungwa kwenye kamba yenye alama kupima uangavu wa maji. Mwaloni ilipotea upesi kwenye maji ya kijani. Nje ya ufuko wa hifadhi ikaendelea kushuka, na wanafunzi wakaanza kubishana kuhusu sababu kabla mwalimu hajafungua mdomo. Kwazi wakalia juu yetu, viboko wakakoroma, na nzohe, swala wa kinamasi, akachungulia mafunjoni. Sokwe, wa ukoo wa wale 17 walioachiwa kisiwani kati ya 1966 na 1969 baada ya kutolewa Ulaya, hawakujitokeza. Sikuwakumbuka hata kidogo.

Kasoro zipo. Mbung'o wanauma kupitia shati, na nguo ya bluu au nyeusi ni kuwaalika. Konokono wa kichocho na mamba wanamaanisha hakuna kuingiza mguu majini bila ruhusa. Hadubini beba za shuleni. Mwenye boti mmoja alitaka tupande wakati majaketi ya kuokolea hayatoshi. Mwalimu wetu wa kike akakataa katakata, tukasubiri mpaka yakaletwa. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Na safari ya asubuhi kurudi jioni haitoshi: laleni kwenye mabanda ya TANAPA pale Kageye.

Gharama kubwa ni basi na boti. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, inaitaka migodi iandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii inayoizunguka, na mpango huo hupita kwa halmashauri. Madiwani wa Geita, Msalala na Kahama, mpango ujao ukifika mezani, andikeni humo safari ya Rubondo kwa shule za kata.