Namna ya Kupima Rangi za Kucha zenye Mapambo

Mwenye kutaka kuijua rangi ya kucha iliyo njema asiihukumu dukani. Katika maduka ya Mwanga, mjini Kigoma, chupa huwekwa chini ya taa, na taa hukipendelea kila kitu chenye kumeta; bali apake ukucha mmoja, angoje ukauke barabara, kisha saa kumi na mbili jioni aunyooshe mkono kuelekea Ziwa Tanganyika, wakati jua limekwisha kuinamia milima ya Kongo na nuru yake yaja chini kwa chini juu ya maji, kwa maana nuru ya upande ndiyo ifichuayo kila mfuo wa brashi na kila chembe iliyokaa pasipo pake.

Nianze na rangi ya lulu, ambayo ina nasaba na samaki. Fedha ile tuionayo ubavuni mwa dagaa wanaposhushwa ufukweni Kibirizi alfajiri yatokana na fuwele nyembamba mno za guanini, zilizolala tabaka juu ya tabaka zikiirudisha nuru. Na mafundi wa Ulaya, waliokwisha kuzikusanya fuwele za namna hiyo katika magamba ya samaki wao ili kutengeneza lulu za bandia, baadaye walizitia pia katika rangi za kucha, hata unga wa ulanga uliovikwa oksidi ya titani ulipokuja kuchukua mahali pake kwa sehemu kubwa. Lulu iliyo bora huonekana kana kwamba nuru yatoka ndani yake, nayo hutambaa toka shina la ukucha hata ncha bila kukatika. Iliyo dhaifu huwa nyeupe tu, yenye michirizi, na tofauti ya hizo mbili ni ile ile iliyopo baina ya dagaa aliyetoka majini sasa hivi na dagaa wa jana.

Rangi ya sumaku yataka jicho kali zaidi, kwa kuwa humo kazi ya kiwanda na kazi ya mkono zimechanganyika. Ndani yake mna unga wa chuma, na mpakaji akiisogeza sumaku karibu na ukucha ungali mbichi, pasipo kuugusa, chembe hugeuka na kujipanga, ukazaliwa mstari wa nuru mfano wa jicho la paka. Utazame mstari huo huku ukikipindua kidole taratibu: ukihama pamoja na nuru, na kingo zake zikififia polepole kuingia katika weusi au ubuluu wa chini, hiyo ni rangi ya thamani, ukikaa pale pale kama uliochorwa, au weusi wenyewe ukiwa wa kijivujivu, basi unga ni mchache au ni mkubwa wa chembe. Walakini mstari ukiwa ulikuwa mzuri kisha ukatawanyika, tusiilaumu chupa, kwani aghalabu sumaku iliondolewa mapema, rangi ingali majimaji. Miongoni mwa vijana wapitao mitaani na vikapu vya chupa, yule mwenye subira ya kuishika sumaku ndiye astahiliye ujira kamili.

Rangi ya kupasuka haina siri kubwa: tabaka la juu hukauka upesi na kujikunja juu ya la chini, ambalo sharti liwe limekauka kabisa, na hilo la juu likipakwa zito, nyufa huwa kubwa, likipakwa jepesi, huwa ndogo. Vimetameta navyo hupimwa chupani, maana vikiwa hafifu huchujuka rangi yao ndani ya kiowevu. Ile igeukayo kwa joto itiwe ziwani: kidole kikizama majini rangi ibadilike mara moja, kikipata joto la mwili irejee bila kubakiza mabaka, na mwenye kuinunua ajue kwamba jua kali huidhoofisha.

Juu ya zote hizo naiweka hina, wala sioni haya kusema hivyo mbele ya chupa za fahari. Katika Ujiji, mji uliokuwa kituo cha misafara ya pwani kabla ya wapelelezi Waingereza Burton na Speke kuufikia mwaka 1858, hukumu hii haihitaji utetezi. Hina haiufuniki ukucha, bali huungana nao, hata maji ya udhu hayazuiliki, ilhali rangi ya chupa ni utando ambao mwenye kusali huona wajibu wa kuuondoa kwanza. Hina halisi huanza na rangi ya chungwa, na baada ya siku moja au mbili hukolea kuelekea damu ya mzee. Haiwi nyeusi kamwe. Iliyo nyeusi ni piko, na piko aghalabu ni dawa ya nywele yenye uwezo wa kuichoma ngozi, kwa hiyo mpakaji aulizwe kabla ya mkono kunyooshwa.

Kipimo cha mwisho cha rangi ya chupa ni siku ya kuiondoa. Vimetameta visikwanguliwe, pamba iliyolowa asetoni ilazwe juu ya ukucha mpaka vilegee. Ukucha ukibaki na umanjano, rangi ilipakwa bila tabaka la kinga chini yake, na mpakaji huyo, hata awe hodari wa sumaku namna gani, bado hajahitimu.