Mango Kiganjani: Kisakale cha Wabukusu na Usambazaji wa Video Kiminini

Suala la kusimulia upya hadithi za kale limejadiliwa kwa mapana na wahakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki kuhusiana na kitabu na jukwaa. Kuhusiana na simu ya mkononi, mjadala bado ni mchanga, na mara nyingi huishia katika malalamiko kwamba vijana wameacha kuota moto na bibi zao wakahamia kwenye kioo. Malalamiko ya namna hiyo hayahakiki chochote. Hayasemi ni hadithi gani iliyohamia huko, imebadilika wapi, wala ni nani anayeamua isikike leo na si kesho. Makala haya yanayachunguza maswali hayo kwa kutumia kisakale kimoja, yaani mighani ya Mango wa ukoo wa Bakhurarwa, kama kinavyoweza kufikiriwa kutoka Kiminini. Hoja inayojengwa ni kwamba mtu anayewatumia wenzake video aliyoipenda amechukua sehemu ya kazi ya fanani bila kuchukua wajibu wake wote, na kwamba katika uchukuzi huo, sehemu ya kisakale iliyo hatarini zaidi ndiyo ile inayowahusu majirani.

Kiminini ni mji mdogo ulio kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye, katika Kaunti ya Trans Nzoia. Mahali penyewe pana maana katika hoja hii. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa walowezi wa Kizungu wakati wa ukoloni. Wabukusu wengi walifika huko kwanza kama vibarua wa mashamba, na baada ya uhuru wa 1963 wengine wakaja kama wanunuzi wa ardhi na wakazi wa skimu za makazi. Kwa hiyo msimulizi wa Kiminini anaposimulia habari za Mango, anaisimulia mbali na Mwiala wa Mango, pango lililo katika Kaunti ya Bungoma ambalo mapokeo yanalitaja kuwa ndilo lililokuwa makao ya joka. Msikilizaji wa Bungoma anaweza kuoneshwa mahali. Msikilizaji wa Kiminini hupewa neno tu, na siku hizi hupewa picha. Katika hali hiyo video haikuja kuvunja uhusiano wa hadithi na ardhi yake, kwani uhusiano huo ulikwisha kulegea tangu siku za vibarua.

Kiini cha kisakale chenyewe kinafahamika, ingawa wasimulizi hawakubaliani katika kila jambo. Palikuwa na joka kubwa lililoangamiza watu na mifugo. Mango akalivizia pangoni mwake, akalikata kichwa. Hapo ndipo msimulizi asiye makini huweka nukta. Lakini kisakale hakijaisha. Barwa, jina ambalo Wabukusu huwaita majirani zao wa jamii ya Wakalenjin, na hasa Wasabaoti wa Mlima Elgon, walikuwa wakiwatahiri vijana wao. Kwa kuutambua ushujaa wa Mango walimtahiri, na katika baadhi ya masimulizi wakampa na mke. Tohara ya Wabukusu, inayofanyika hadi sasa kila mwezi wa Agosti wa miaka inayogawika kwa mbili, hutajwa kuwa imetokana na tendo hilo, na wimbo wa sioyaye anaoimbiwa mtahiriwa huhusishwa na siku hiyo hiyo.

Muundo huu ni wa ajabu kuliko unavyoonekana kwa mara ya kwanza. Jamii inayojivunia jando lake kuliko karibu kila kitu kingine, jamii inayomhesabu mwanamume kwa rika lake la tohara, inasimulia kwamba jando hilo ililipokea mkononi mwa jirani ambaye imegombana naye mara nyingi juu ya malisho na mashamba. Joka ni sababu; zawadi ndiyo hadithi.

Uzito wa jambo hili hudhihirika kisakale kinapolinganishwa na visakale vingine viwili maarufu vya Kenya. Lwanda Magere wa Wajaluo, ambaye Okoiti Omtatah alimwandikia tamthilia iliyochapishwa mwaka 1991, alikuwa na mwili wa jiwe. Akaoa mke kutoka kwa maadui zake, Lang'o, na mke huyo akagundua kwamba nguvu za mumewe zilikuwa kivulini. Fumo Liyongo, kwa mujibu wa utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, alioa kwa Wagala waliotaka mbegu ya shujaa. Mtoto aliyezaliwa ndiye aliyekuja kumchoma kitovuni kwa sindano ya shaba baada ya kuahidiwa zawadi na mtawala wa Pate. Mashujaa wote wawili wanakutana na jirani kwa njia ya ndoa, na jirani anakuwa mlango wa mauti. Mango peke yake anakutana na jirani akatoka na kitu ambacho jamii yake inakitumia hadi leo. Kisakale chake ni nadra kwa sababu hiyo. Ukikiondolea Barwa, kinageuka hadithi ya kawaida ya shujaa na joka, ya aina inayopatikana Ulaya, Asia na kwingineko, na hakuna sababu maalumu ya kukisimulia Kiminini kuliko mahali pengine.

Katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotolewa katika jarida la Mulika, M. M. Mulokozi alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, fani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Mtazamo huo ulikuwa na faida kubwa kwa wahakiki waliokuwa wamezoea kuchambua ngano kana kwamba ni kurasa. Ukitumiwa kuitazama video, unaonesha mara moja ni nini kilichobadilika. Fani imo ndani ya video, na fanani yumo, walau uso na sauti yake. Mahali pamoja na wakati vimehifadhiwa kama picha, lakini si mahali wala wakati wa mtazamaji. Kilichobaki bila mwenyewe ni tukio na hadhira: nani aitwe, kwa ajili gani, siku gani. Hapo ndipo anapoingia msambazaji. Mjomba anayeituma video ya Mango katika kundi la WhatsApp la ukoo mwezi wa Julai, vijana wakiwa wanakaribia kutahiriwa, ametengeneza tukio. Binti anayeituma video ile ile kwa rafiki zake wa chuo kwa sababu joka limechorwa vizuri ametengeneza tukio lingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeongeza neno katika masimulizi, lakini hadithi hizo si moja. Ule mstari mfupi unaoandikwa juu ya video, tazameni hii, umechukua nafasi ya paukwa na pakawa, isipokuwa kwamba hauhitaji jibu.

Kukosekana kwa jibu hakupaswi kupitwa haraka, na mfano mzuri unatoka katika mapokeo ya Wabukusu wenyewe. Khuswala kumuse ni hotuba ya mazishi inayotolewa anapofariki mzee wa heshima. Omuswali, fimbo mkononi, hutembea katika uwanja uliozungukwa na waombolezaji, akaeleza kwa saa nyingi historia ya jamii, koo, uhamaji, mashujaa na maonyo. Si kila mtu aruhusiwaye kuitoa, wala haitolewi pasipo kifo. Yaani tukio ni sharti la fani: bila maiti hakuna kumuse. Siku hizi hotuba hizo zimo katika YouTube, na mtu anaweza kuitazama moja akila chakula cha jioni, hakuna aliyekufa. Mhakiki mwepesi wa hasira ataona hapo unajisi. Hata hivyo, aliyerekodi hakumwalika mtu kutoa kumuse nje ya msiba, alirekodi msiba. Kilichovunjwa ni mpaka wa hadhira. Maneno yaliyokusudiwa watu waliokaa juani wakiwa na huzuni moja yanamfikia mtu asiye na huzuni hiyo. Anaweza kujifunza mengi. Lakini mzee aliye kando ya uwanja, anayetikisa kichwa ukoo wake unapotajwa vibaya na ambaye baadaye atamfuata omuswali na kumsahihisha, hayumo katika kioo. Pengine hasara hii ni kubwa kuliko ya unajisi, maana usahihi wa masimulizi ya mdomo daima umetegemea watu wa namna hiyo.

Haifuati kwamba usimulizi upya ni dhambi. Visakale havijapata kuwa na umbo moja. Taban lo Liyong, katika Eating Chiefs ya mwaka 1970, aliyachukua mapokeo ya Waluo na jamii za nasaba yao akayatengeneza kwa uhuru ambao haukumpendeza kila mtu, naye alikuwa miongoni mwa watatu, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor Anyumba, waliodai mwaka 1968 kwamba Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika, simulizi ikiwamo, iwekwe katikati. Kijumwa naye alikuwa akisimulia upya. Ilipotokea filamu ya katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuoneshwa mwaka 2010, ngano za kueleza asili ya wanyama zilivikwa michoro inayofuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga na kupelekwa kwa watoto wa nchi nyingi. Katuni hizo zinapendeza, na ngano zinazochaguliwa ni zile zinazostahimili safari: kwa nini mnyama fulani ana umbo fulani. Jibu la swali hilo halimgusi jirani wa mtu yeyote. Kisakale cha Mango nacho ni cha kueleza asili, lakini asili inayoelezwa ni ya mwili wa watu walio hai na ya deni lao kwa watu wengine walio hai. Hakiwezi kusafiri kama katuni ya kobe.

Na hapa ndipo urefu wa video unapokuwa suala la maudhui. Simulizi ikibanwa katika dakika moja au mbili, kinachoelekea kubaki ni kile kinachoonekana vizuri: pango, giza, upanga, damu. Mazungumzo ya Mango na Barwa hayana sura ya kuvutia jicho. Ni wazee wameketi, masharti yanatajwa, mtu anakubali kukatwa mbele ya wageni. Mtengenezaji wa video anayetafuta watazamaji atayaacha bila nia mbaya yoyote, na msambazaji aliyeipenda ataipeleka hivyo hivyo. Kwa kuwa kila anayeipokea huipenda kwa sababu ile ile, chujio huendelea kuchuja upande mmoja. Upendo, ambao katika jambo hili ndio mhariri mkuu, haubagui kwa ukweli. Ikumbukwe pia kwamba fanani wa kale alikuwa akifupisha. Tofauti ni kwamba akiulizwa na mtoto, basi ni nani aliyemtahiri Mango, alilazimika kujibu.

Nini hasa kitapotea? Katika miaka ya 1991 hadi 1993, mapigano ya kikabila yaliyoambatana na kurejea kwa mfumo wa vyama vingi yaliwafukuza watu makwao katika Trans Nzoia na Bungoma, na Wabukusu na Wasabaoti walikuwa miongoni mwa waliojikuta pande mbili za mstari huo. Waliokuwa watoto wakati huo ndio wazazi wa vijana wanaotahiriwa sasa. Kisakale hakikuyazuia mapigano, na itakuwa ni kukitwisha mzigo kisichouweza kudai kwamba kingeyazuia. Alichokuwa nacho mzee aliyekisimulia kwa ukamilifu baada ya 1993 ni sentensi moja isiyoweza kuondolewa katika jando lenyewe: sisi tulitahiriwa na wao. Sentensi hiyo inamfedhehesha kidogo anayeisema, na ndiyo maana ina nguvu. Video ya joka peke yake inampa kijana wa Kiminini fahari isiyo na fedheha hiyo, na fahari ya aina hiyo huchukuliwa kwa urahisi na mwanasiasa yeyote anayetafuta kura Agosti, mwezi ambao katika Kenya ni wa tohara na wa uchaguzi mkuu pia, ingawa miaka yake haikutani kila mara.

Yapo yanayoweza kusemwa dhidi ya hoja hii. Video hazikai mahali pamoja, na Wasabaoti wana simu. Masimulizi ya Mango yakitolewa redioni kwa Lubukusu, kama yawezavyo kutolewa na kituo cha Sulwe FM, huwafikia wanaoijua lugha hiyo. Yakitolewa kwa Kiswahili katika mtandao, hayana ukuta huo. Yule jirani aliyekatwa katika masimulizi anaweza kuwa miongoni mwa watazamaji, akaandika chini yake kwamba joka liliuawa, sawa, lakini ni babu zake walioshika kisu. Hadhira ya usiku wa kuota moto haikuwa na mtu kama huyo. Barwa walitajwa bila kuwapo. Ikiwa hilo linatokea, basi chombo kinachoelekea kumfuta jirani ndicho kinachomkaribisha kikaoni kwa mara ya kwanza, naye atakuwa amerudi katika nafasi ya yule mzee wa kando ya uwanja.

Ili kulijibu suala hilo, mtafiti wa uwandani anahitaji kubadili anachokikusanya. Kuhifadhi video hakutoshi, kwani video ni fani iliyotengwa na tukio, sawa na ngano zilizonakiliwa na wamisionari bila jina la msimulizi. Panapaswa kunakiliwa pia maneno yaliyoandikwa juu yake ilipotumwa, kundi ilikotumwa, mwezi, na majibu yaliyofuata, kwa idhini ya wenyewe. Na panapaswa kusikilizwa upande wa pili wa mlima. Wasabaoti nao wana haki ya kuulizwa kama wanamkumbuka kijana wa Kibukusu aliyekuja kwao na kichwa cha joka, na kama wanamkumbuka, ni nini wanachosema kwamba aliwaachia.