Kusaga Ziwa Hadi Likauke

Kwetu, kutwanga maji kinuni ni kazi bure. Waholanzi wao husaga maji na kuvuna mashamba. Kitenzi chao cha kukausha ziwa ni droogmalen, yaani kusaga mpaka pakauke, na malen ni kusaga kulekule kwa nafaka. Sababu ni kifaa. Kinu cha upepo kiliweza kuzungusha mawe ya kusagia unga, na kiliweza pia kuzungusha gurudumu la makasia la kupandishia maji juu ya tuta.

Kitenzi hicho kilipata mtihani mkubwa Haarlemmermeer, ziwa la zaidi ya hekta 18,000 kati ya Haarlem, Leiden na Amsterdam. Lilikuwa likimega kingo zake, na dhoruba za mwaka 1836 zikafikisha maji hadi jirani na Amsterdam, kisha Leiden. Tayari mnamo 1641 mjenzi wa vinu Jan Leeghwater alikuwa amependekeza vinu 160 vya kulikausha. Wingi huo una hesabu yake: gurudumu moja hupandisha maji kama mita moja na nusu tu, na ziwa lilikuwa na kina cha mita nne hivi. Hivyo vinu vingepangwa ngazi kwa ngazi, cha chini kikikipokeza cha juu. Upepo ukitulia, kazi nzima inalala.

Mpango uliotekelezwa ulianza na mfereji na tuta, si pampu. Kuanzia 1840 ulichimbwa mfereji wa kilomita 60 hivi kulizunguka ziwa, maji yapate njia ya kwenda baharini badala ya kurudi yalikotoka. Vikafuata vituo vitatu vya pampu za mvuke: Leeghwater, Lijnden na Cruquius. Silinda ya Cruquius ina kipenyo cha mita 3.66. Mvuke ulinyanyua uzito mkubwa. Uzito uliposhuka, boriti nane ziliinua pistoni za pampu nane na kumwaga mita za ujazo 64 kwa mpigo mmoja. Mipigo ilikuwa mitano kwa dakika. Kazi ya kulikausha ziwa ilianza 1848, na Julai 1852 ziwa likawa kavu.

Mvuke ulikiondoa kinu, lakini kitenzi kilibaki. Hata kituo cha pampu mpaka leo huitwa gemaal. Kikabaki pia kitenzi ndugu, bemalen: kuendelea kuisagia ardhi maji yake. Mvua hunyesha, na maji ya chini hupenya, kwa hiyo sakafu ya ziwa, pamoja na uwanja wa ndege wa Schiphol uliojengwa juu yake, hukaa kavu kwa sababu pampu zinafanya kazi. Droogmalen ilikwisha 1852. Bemalen haikwishi, na wakazi huilipia kodi kila mwaka kwa bodi ya maji ya eneo lao.